Reinyo ya maenjeniyere wa metali itoke mu otele, ikuje Katuba

Bwana Muhariri,

Kwanza salamu. Mi si mutu wa kuandika barua ku magazeti, kazi yangu ni kuyeyusha aliminiyamu na kutengeneza masufuria hapa Katuba, lakini wiki ile mlitoa barua ya musomaji mumoja aliyesema chama cha maenjeniyere wa metali cha hapa kwetu Lubumbashi ni chama cha kula, kunywa na kupiga picha na kravati, nilicheka sana, nikakata hiyo barua nikaibandika ku mulango wa ateliye, vijana wangu wa kazi wakaisoma nao wakacheka. Sasa naandika juu nimeibandua. Sikuibandua juu ni uongo, hapana, ile ya kula nimeiona na macho yangu na mi mwenyewe nilikula, nimeibandua juu kuko kipande ambacho huyo musomaji hakukiona, na mutu akitoka mbele reinyo, ule mukutano wao, haijaisha hawezi kukiona.

Mutoto wa mukubwa wangu anasoma metalurji, ile elimu ya metali, pale Polytechnique ya UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi. Jioni moja akakuja kwangu akasema, "Baba mudogo, alhamisi kuko reinyo ya maenjeniyere, siye wanafunzi tuko na ruhusa ya kuingia na mutu mumoja, twende." Nikamwambia sina kravati. Akasema, "Si harusi, baba mudogo, vaa ile shemizi ya kanisa." Basi tukapanda bisi, tukafika mu sala ya otele, klimatizere inapuliza baridi ya morge, viti vimevalishwa vitambaa vyeupe, kila mutu iko na kikaratasi cha jina ku kifua, changu waliandika paka "mgeni". Yule aliyekuwa anaongea mbele aliongea zaidi ya saa moja juu ya kobalti, ile metali ya kutengenezea batri, vile serikali ilifunga kuitoa inje mu mwezi wa pili 2025, vile ikafungua tena mu mwezi wa kumi lakini kwa kipimo, tani 96,600 kwa mwaka kwa 2026 na 2027, hiyo namba nimeishika vizuri juu kompyuta iligoma na namba ikabaki ku ukuta robo saa nzima watu wanaiangalia. Sisemi ni mambo ya bure. Nchi yetu inatoa kobalti kupita nchi zote zingine ukizijumlisha pamoja, kama maenjeniyere wa Katanga hawaiongelee nani ataiongelea? Lakini mi nilikuwa naangalia mikono yangu. Iko na alama za moto kila pahali, na mu sala nzima sikuona mikono mingine ya namna hiyo, isipokuwa ya muzee mumoja aliyekaa nyuma karibu na mulango, nitamurudia.

Saa ya maswali ikafika. Watatu wa kwanza waliuliza maswali ambayo hayakuwa maswali, walikuwa wanaonyesha tu kwamba nao wanajua. Mutoto wangu akanisukuma na kiwiko. Nikasimama, mi si mutu wa woga lakini sauti ilitetemeka, nikauliza kwa Kiswahili juu Kifaransa changu ni cha sokoni: "Mi natengenezaka masufuria. Wakati wa jua yanatoka mazuri, mvua ikianza yanatoka na vitundu vidogo vidogo kama mukate, mama akipikia anaona sufuria inatoka jasho chini, ananirudishia na matusi juu yake. Miaka 14 sijui sababu. Wenzangu wanasema ni fundi wa ng'ambo ya barabara ananiloga. Ni nini?" Wakacheka. Yule aliyekuwa anaongoza reinyo akatabasamu lile tabasamu la kufunga mulango, akaanza kusema muda umeisha na chakula kinapoa. Ule muzee wa nyuma akasimama bila kuomba mikro akasema, "Ngojeni. Hiyo njo swali ya kwanza ya metalurji niliyosikia leo."

Muzee huyo alifanya kazi miaka mingi ku tanuru za shaba, sasa iko mu pansio. Alikuja mpaka mbele, akachukua chupa ya maji ya meza, akaninyooshea akasema uchawi wako ni huu. Aliminiyamu ikiyeyuka inagombania maji. Si maji ya kunywa, ni mvuke, ule unyevu uliokaa ku mitrai, ile metali ya zamani tunayonunua kuyeyusha, ku makala, ku muchanga, ku chuma cha kukorogea, hata hewa ya mvua yenyewe. Aliminiyamu inanyang'anya oksijeni ya ule mvuke, inajitengenezea ile ngozi ngumu inayoelea juu, na hidrojeni inayobaki inaingia ndani ya metali inatulia humo kama sukari mu chai. Metali ikiwa maji nafasi ya hidrojeni ni kubwa, ikianza kuganda nafasi inapungua karibu mara 20, sasa ile gazi inakimbilia wapi, haina pa kupita, inajichimbia vitundu. Halafu akaniuliza, "Mvua ikinyesha unaona metali inakuwa nzito kumwagika, sivyo? Unaongeza moto?" Nikasema ndiyo naongeza, vantilatere inapuliza mpaka mwisho. Akasema, "Njo hapo unajimaliza. Kadiri unaongeza moto, kadiri unaikaribisha gazi. Aliminiyamu inayeyuka ku digri 660, ikifika 720 au 730 mwaga, usingoje. Chungu chako kikifika rangi ya chungwa ujue ulishapita mbali sana."

Hakuna aliyecheka tena. Dakika kumi hivi, chakula kilipoa kweli, na wanafunzi wawili watatu nikaona wanaandika mu daftari, wakati wa kobalti walikuwa mu telefone.

Kesho yake nilifanya vile alisema, si juu nilimwamini sana, ni juu sikuwa na dawa ingine. Mitrai yangu ililala inje siku zote, nikaiingiza chini ya mabati. Ile ya kuyeyusha kesho naitandika usiku ku bati juu ya tanuru inapopoa, asubuhi iko imekauka mpaka inalia ukiigonga. Chuma cha kukorogea nakichoma kwanza. Makala ya gunia lililolowa sigusi, nalipa zaidi kwa makala makavu, na muchanga wa kalibu nimepunguza maji, zamani niliulowesha kama unga wa bukari juu ulishikana vizuri. Na moto nikaacha kuulazimisha. Ilikuwa mvua kubwa za mwezi wa kwanza, mvua za kwetu mnazijua. Mu masufuria kumi ya kwanza mawili njo yalikuwa na vitundu, zamani mu msimu ule ningetoa mazuri matano nikashukuru Mungu. Yule fundi wa ng'ambo nilikwenda kumusalimia, sikumwambia sababu.

Maji hayo hayo, Bwana Muhariri, njo yaliyonipa hizi alama za mikono. Kuko mwaka kijana wangu alitupa mu chungu kipande cha amortisere ya gari kilichofungwa pande zote, ndani mulikuwa na maji, hatukujua. Maji yakigeuka mvuke yanajaza nafasi zaidi ya mara 1,600, na hapo hayana mulango, yanafungua wenyewe. Chungu kizima kiliruka ku mabati. Hakuna aliyekufa, kijana aliunguzwa shingo, mi mikono. Tulisema ni ajali ya Mungu, tukaombewa, tukaendelea kutupa vipande vilivyofungwa mu chungu, kwa sababu nani alitufundisha?

Njo nikamwomba mutoto wangu aniletee ule muzee. Akakuja jumamosi moja na wanafunzi wane, wa tano ni mutoto wangu. Nisemee vizuri hapa: chama hakikutuma mutu, hawakukuja na karatasi wala na muhuri, walikuja kwa miguu yao. Walikaa ku bidoni. Muzee akaanza na ile shida yangu ya pili, masikio ya sufuria kuvunjika pale yanaposhikana na mwili, mama anabeba sufuria ya maharagi inamoto sikio linabaki ku mukono. Mi nilidhani nayo ni vitundu vya gazi. Akavunja moja mbele yetu, akatuonyesha ndani pale pa kuvunjika, kumbe si vitundu vya mviringo, ni nafasi yenye makali makali kama jino lililooza. Akasema aliminiyamu ikiganda inajikunja, ujazo unapungua karibu asilimia 6, pale panene panaganda mwisho na wakati huo pale pembamba palipokuwa panapaletea chakula, ni kusema metali ya maji, palishafunga, basi panajila penyewe. Dawa yake ni ama kupunguza unene wa sikio ama kumwagia metali kupitia pale panene na kuacha kichwa juu cha kupalisha. Tulijaribu siku hiyo hiyo. Njo fundi wangu mukubwa, mutu asiyeshangaa, akasema mbele ya wote, "Kumbe tulikuwa tunafanya bila kujua tunafanya nini."

Halafu muzee akageuka kuangalia fungu la mitrai, na uso wake ukabadilika.

Fungu la fundi wa masufuria mutu yeyote wa hapa analijua. Mapistoni, vichwa vya mota, jante za gari, karibiratere, radiatere, vyuma vya mulango, vipande vya friji, vingine vinatoka ku garaji za hapa, vingine vinakuja na kamyo za njia ya Kasumbalesa, ku mupaka wa Zambia, unanunua kwa kilo hauulizi jina. Akachukua jante moja, akaonyesha kile kizani kidogo kinachobandikwa pembeni ili gurudumu lisitetemeke, akauliza hiki unakitoaka? Sikukitoa hata siku moja. Mara mingi kile ni risasi, hii tunaita plombo. Akachukua radiatere, akaonyesha pale ilipounganishwa, kuko risasi. Akaona vichwa vya nyaya za batri, risasi tupu. Akachukua karibiratere akaniambia ipime ku mukono, nikasikia ni nzito kupita ukubwa wake, hiyo si aliminiyamu, ni zinki.

Akaomba ndoo ya maji na ile minzani ya kuninginiza wanayopimia nyama. Kipande cha pistoni inje ya maji kilikuwa na gramu 540, ndani ya maji kikining'inia 340, tofauti 200, ukigawanya 540 kwa 200 unapata 2.7, ni aliminiyamu. Karibiratere inje 660, ndani ya maji 560, tofauti 100, unapata 6.6, ndugu zake zinki. Risasi unapata 11 na kitu. Ndoo, maji na minzani ya muchuuzi wa nyama! Mi niliacha masomo mwaka wa pili wa segonderi lakini kugawanya nilifundishwa, na hesabu hii hakuna mwalimu aliyeniambia inafaa kitu. Kingine akatuonyesha moto wa polepole: risasi inayeyuka ku digri 327, zinki 420 hivi, aliminiyamu 660, kwa hiyo ukiweka mitrai ku bati lililoinama na moto mudogo, kinachotiririka kwanza si chako, kikusanye kando usipumue moshi wake. Na kile kipande chepesi kupita kiasi, kikishika moto mweupe wa kuchoma macho, ni magnezi, usikimwagie maji hata kidogo, kifunike na muchanga mukavu.

Nikamwuliza, sasa risasi kidogo mu chungu kikubwa itafanya nini, si inazama chini? Akasema kweli nyingi inazama, ile aliminiyamu na risasi hazipendani, lakini kidogo inabaki mumo, na kidogo ya risasi si kidogo mu tumbo la mutoto. Akatuambia kule Cameroun watu walichukua masufuria kama haya yetu, ya mitrai, wakapikia ndani maji yenye uchachu, wakapima, risasi ilitoka, hiyo kazi ilitolewa 2014. Halafu 2017 ikatoka ingine ya vyombo 42 vya nchi 10, karibu theluthi ya vyombo ilitoa risasi ya kuogopesha. Uchachu njo unaivuta, tomati, ndimu, sombe iliyolala mu sufuria mpaka kesho. Na risasi inaharibu kichwa cha mutoto polepole, haionekani kama malaria, utaona paka mutoto ni mugumu wa kushika masomo, utamuchapa.

Usiku ule sikulala vizuri. Nyumbani kwangu kuko masufuria saba, yote nilitengeneza mi mwenyewe, na mutoto wangu wa mwisho amekula humo tangu aanze kula bukari. Sikumwambia bibi yangu siku hiyo, nilimwambia kisha siku tatu, na alichosema si cha kuandika mu gazeti.

Tangu pale tunachambua mitrai. Vizani vinatoka, radiatere na vyuma vya batri haviingii, karibiratere zinakwenda fungu lingine. Lakini nisidanganye watu, kuchambua kunakula nusu siku ya kijana na kunakula kilo, ile unayonunua kilo mia si kilo mia tena, na mama wa soko ya Kenya, ile komini ya hapa Lubumbashi, anayechukua masufuria yangu kwa jumla haniongezei hata franga moja juu sufuria langu ni safi, macho yake hayaoni tofauti. Yangu na ya jirani yanang'aa sawasawa. Kuko mutu aliniuzia vipande vilivyokwisha kuyeyushwa akiapa ni aliminiyamu safi ya nyaya za umeme, nikavipima mu ndoo, hesabu ikakataa, na franga zake nilikuwa nimeshalipa. Hapo njo nikajua kazi hii mi peke yangu siiwezi.

Sasa nirudi ku chama. Mutoto wangu ananiambia mu labo za makampuni ya madini kuko mashini ndogo ya kushika mukononi kama bunduki, unainyooshea metali, unangoja kidogo, inakuandikia shaba ngapi, zinki ngapi, risasi ngapi. Ni bei ya nyumba. Mi sitainunua hata nikiuza Katuba nzima. Lakini wale waliokaa mu ile sala na vikaratasi ku kifua, wengi wao kazini wanaishika kila siku. Ninachoomba ni siku moja. Jumamosi moja chama kilete mashini hiyo Katuba, ingine Kenya, ingine Rwashi, mafundi tulete masufuria na mitrai yetu, tupimiwe, na majibu tuambiwe kwa Kiswahili. Si kwa kutuandika majina, mukituletea polisi hakuna fundi atakayefungua mulango tena. Tupimiwe kwanza, tujue tuko wapi.

Yule muzee, tukinywa fanta kisha kazi, alinihadisia jambo ambalo naona wanachama wenyewe wengine hawalijui. Chama kikubwa cha watu wa metali kule Marekani, leo kinaitwa ASM International, kiko na matawi mu miji mingi, kila tawi linakutana, linaalika mutu kuongea, linakwenda kutembelea maizini, ni kusema viwanda, linafundisha. Hakikuzaliwa mu otele. Kilianza Detroit 1913 na jina la klabu ya watu wa kuchoma chuma, Steel Treaters Club, watu waliokuwa wanapasha chuma moto na kukizamisha ili kiwe kigumu, na aliyewakusanya aliitwa William Woodside. Detroit wakati ule ni magari tu, kila gari linataka giya ngumu na spiringi isiyovunjika, na walioweza kuzichoma vizuri walikuwa watu wa tanuru. Jina la metali zote kilichukua 1933, hili la leo 1986. Na siku hizi kinachukua walimu wa segonderi wakati wa vakansi, kinawafundisha kuyeyusha, kuvunja, kupinda, ili wakirudi mu darasa waache kufundisha kemia ya ubao peke yake. Mi nilipenda hiyo ya walimu kupita yote. Tuko na segonderi ngapi hapa mujini, na mutoto ngapi anayejua alama ya shaba ni Cu na hajaona shaba ikimwagika, Lubumbashi hii, muji uliozaliwa juu ya tanuru iliyowashwa 1911, na mulima mweusi wa teri, yale masalio ya tanuru, tunauona kila asubuhi?

Siri nazo tunazipenda sana. Wazee wa Katanga walioitwa walaji wa shaba waliyeyusha ile mawe ya kijani na makala na mivukuto kabla Muzungu hajafika, wakatengeneza ile misalaba ya shaba inayolala mu muze ya hapa mujini, lakini ufundi ulikuwa wa watu wachache, na dawa, na miiko. Siye mafundi wa leo tulirithi miiko tukaacha ufundi. Fundi wa ng'ambo akigundua kitu hanielezi, nami nikigundua namufungia mulango. Hata haya ya ndoo na minzani, kijana wangu mumoja alikasirika niliposema nitayaandika mu gazeti, akasema patron, unauza kazi yetu. Labda. Lakini sufuria la jirani mutoto wangu naye anakulia humo akienda kucheza.

Kwa yule musomaji aliyeandika barua ya kwanza: ndugu yangu, kotizasio ni yao, kuku ni yao, waache wale. Mi singewafungia chama. Na kobalti waiongelee, na zile tanuru mupya za Kolwezi wapande bisi waende kuziona, wakirudi watuambie. Kosa lao si kula. Kosa lao ni kuweka maswali mwisho na kuyapa dakika tano, na kuyataka kwa Kifaransa. Basi mu reinyo nne wafanye moja inje, mu ateliye ya mutu, sudere aulize kwa nini kila akisude shasi ya kamyo inapasuka pembeni ya pale alisude, wa makarai aulize yake, mutu wa furu za matofali naye kama anataka. Watangaze mu gazeti hili, Bwana Muhariri, nafikiri hamutawalipisha. Sasa hivi mutu anajua reinyo ilikuwako akiona picha zake.

Nimeshaongea na mafundi wengine saba wa huku, watano wamekubali kuleta masufuria, wawili wanasema wanangoja waone mi nitafanywa nini kwanza, siwalaumu. Pahali niko napo, kivuli kiko, viti vitaazimwa ku kanisa. Chama kikitaka, jumamosi yoyote tunawasha tanuru saa moja asubuhi. Wakuje na viatu vya kufunga na suruali ndefu, ile ya nailoni hapana, na kravati waache nyumbani juu inaning'inia. Bibi yangu atapika, mu sufuria aliyochagua mwenyewe kisha kuipima mara mbili mu ndoo. Na kama mvua imenyesha usiku, wapige simu kwanza, tutasogeza mpaka jumamosi ingine, muchanga ukauke.

Ni mi, fundi wa masufuria,
Katuba, Lubumbashi